Maua ya Mkesha na Barua ya Waziri: Uchambuzi wa Kisa cha Carolina Herrera na Meksiko, 2019

Tarehe 10 Juni 2019, Waziri wa Utamaduni wa Meksiko, Alejandra Frausto, aliiandikia barua kampuni ya mavazi ya Carolina Herrera ya New York. Barua hiyo, iliyoelekezwa kwa mwanzilishi wa kampuni na kwa mkurugenzi wake wa ubunifu, Wes Gordon, ilihusu mavazi machache tu ya mkusanyo wa Resort 2020, yaani nguo za msimu wa mapumziko ambazo kampuni za mitindo huzitoa katikati ya misimu miwili mikubwa ya mwaka. Waziri alitaja aina tatu za ufundi alizozitambua katika nguo hizo: utarizi wa wanyama na matawi yenye maua wa Tenango de Doria, katika jimbo la Hidalgo, maua ya rangi nyingi yanayotariziwa Tehuantepec, ule ukanda mwembamba wa nchi kusini mwa Meksiko uliopo kati ya Bahari ya Pasifiki na Ghuba ya Meksiko, na milia ya sarape, blanketi la kuvaliwa mabegani, ya mji wa Saltillo. Aliitaka kampuni ieleze hadharani kwa msingi gani ilitumia alama ambazo asili yake inajulikana na imeandikwa, na kama jamii zenye ufundi huo zingepata chochote kutokana na mauzo.

Gordon alijibu kwamba mkusanyo huo ulikuwa wa kuuenzi utajiri wa utamaduni wa Meksiko na kazi za mafundi wake, ambazo zilimvutia tangu zamani. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa hadi hapo. Waziri amelalamika, mbunifu amesema alikuwa anasifu, na wasomaji wamegawanyika kufuata hisia zao. Mimi naona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikizungumza juu ya picha ya ua, ilhali ua la Tehuantepec ni kazi ya mikono kabla ya kuwa picha, na kazi hiyo inalipwa na kuendelezwa na sherehe yenye kanuni zake. Asiyeielewa sherehe hawezi kupima kilichochukuliwa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maua ya Tehuantepec, na ufundi ule mwingine nitaugusa pale tu unapotoa mwanga.

Mahali ua linapovaliwa

Juchitán de Zaragoza, Santo Domingo Tehuantepec, Ciudad Ixtepec na San Blas Atempa ni miji ya Wazapoteki, jamii ya asili ya ukanda huo, katika jimbo la Oaxaca. Kwa lugha yao, diidxazá, ua huitwa guie'. Kila mwaka, na hasa mwezi wa Mei, watu wa Juchitán hufanya sherehe zinazoitwa velas, neno la Kihispania linalobeba maana ya mshumaa na ya kukesha kwa pamoja. Kwa Kiswahili tunaweza kusema mikesha bila kupoteza kitu. Kila mkesha una chama chake na wenyeji wake wa mwaka huo. Baadhi hubeba majina ya watakatifu, kama mkesha wa San Vicente Ferrer, mtakatifu mlinzi wa mji, na mingine majina ya koo, ya mitaa au ya kazi. Huwa kuna misa, kuna msafara wa mikokoteni iliyopambwa kwa maua na makuti ambamo wanawake waliojipamba huwarushia watu matunda na zawadi, na usiku kuna muziki na dansi hadi alfajiri. Wageni huja na mchango, na mwenyeji wa mwaka huu anajua kwamba mwaka mwingine naye ataenda kwa mwenzake na mchango wake. Mavazi nayo yana sharti: mwanamume huvaa shati jeupe na suruali nyeusi, na mwanamke huvaa vazi la maua.

Vazi hilo lina sehemu mbili kuu, blauzi fupi iitwayo huipil na sketi ndefu na pana iitwayo enagua, zote za mahameli au atlasi, na maua ya blauzi lazima yalingane na ya sketi. Chini ya sketi huning'inia ukingo mpana wa lesi nyeupe yenye marinda yaliyokazwa kwa wanga. Kwa shughuli kubwa zaidi huongezwa kipande cha lesi nyeupe kinachouzunguka uso kama miale ya jua, na kwa sababu hiyo hujulikana kwa Kihispania kama resplandor. Frida Kahlo, mchoraji maarufu wa Meksiko ambaye mama yake alitoka Oaxaca, alijichora akiwa amekivaa katika picha yake ya mwaka 1943 inayomwonyesha mumewe, Diego Rivera, kwenye paji la uso wake, na ni kupitia kwake zaidi kuliko kupitia kwa watu wa Juchitán wenyewe kwamba vazi hili limeifikia dunia ya mitindo. Mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, Jean Paul Gaultier, alimtolea Frida mkusanyo mzima mwaka 1998.

Sasa tuliangalie ua lenyewe linavyotengenezwa, kwa sababu hapa ndipo mizani ya kisa hiki ilipo. Kitambaa cheusi cha mahameli hukazwa kwenye fremu ya mbao, ambayo inaweza kuwa kubwa kama meza ili watarizi zaidi ya mmoja waizunguke. Mchoraji, ambaye huwa ni mtu anayejulikana mjini kwa mkono wake, ameshapitisha mistari myeupe ya maua juu ya weusi huo. Katika utarizi wa kulabu, fundi huushika uzi chini ya fremu kwa mkono mmoja na kuuvuta juu kwa kulabu nyembamba iliyo katika mkono wa pili, tundu baada ya tundu, akilijaza ua kutoka ndani kwenda nje. Petali haijazwi kwa rangi moja. Karibu na kitovu huwa na wekundu mzito unaokaribia zambarau, kisha wekundu uliochangamka, kisha waridi iliyokoza, waridi hafifu, na ukingoni kabisa weupe wenye dalili tu ya rangi. Na kila daraja la rangi ni uzi mpya, unaoingia kati ya nyuzi za daraja lililotangulia ili jicho lisione mpaka. Jani la pembeni hupewa kijani cha aina tatu au nne kwa utaratibu huohuo. Vazi zima la namna hii huchukua miezi kadhaa. Watarizi wengi ni wanawake, na wengine ni muxe', watu waliozaliwa wanaume ambao jamii ya Juchitán inawatambua kama jinsia ya tatu, na ambao sifa yao ya ustadi wa kutarizi na kupamba haina ubishi mjini. Wao pia wana mkesha wao, unaofanyika Novemba.

Anayesoma vazi hili kwa jicho la mbunifu atagundua kwamba kila uamuzi una sababu. Mahameli nyeusi humeza mwanga, kwa hiyo chini ya taa za usiku kitambaa hupotea na maua huonekana yameelea yenyewe. Maua ni makubwa kwa sababu yanatazamwa kutoka upande wa pili wa uwanja, yakiwa yanazunguka na mchezaji. Lesi nyeupe ya chini huvuta macho kwenye hatua za miguu, na urefu wa sketi humfanya mvaaji atembee kwa utulivu na kuishika pembeni anapocheza. Blauzi ni fupi na pana, haibani mwili, kwa hiyo mwanamke wa umri wowote na umbo lolote hulivaa kwa heshima ileile, na vazi la bibi linaweza kurudi mkeshani likiwa juu ya mjukuu. Haya yote ni mafunzo ya ubunifu yenye thamani kubwa, na hakuna hata moja kati yake linaloonekana kwa mtu anayelinakili ua peke yake.

Kilichochukuliwa New York

Maelezo ya kampuni kuhusu mkusanyo yalizungumzia hali ya uchangamfu na rangi za likizo ya Amerika ya Kilatini, yakataja miji ya pwani ya kitalii kama Tulum ya Meksiko na Cartagena ya Kolombia. Juchitán haikutajwa, wala Tenango de Doria. Naona jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa, kwa sababu linaonyesha kwamba chanzo kilichotajwa kwa mteja ni safari ya mtalii, na chanzo kilichoonekana kwenye kitambaa ni kazi ya mafundi wa miji ambayo mtalii wa Tulum hafiki. Baada ya lawama kuanza ndipo maneno kuhusu kuwaenzi mafundi yalipopata nafasi ya mbele. Sifa inayotolewa baada ya kuulizwa haiwezi kupimwa sawa na sifa iliyoandikwa kwenye maelezo ya mkusanyo tangu siku ya kwanza.

Upande wa kampuni nao una hoja ambazo mchambuzi mwaminifu hawezi kuzipita. Mwanzilishi wake ni mwanamke wa Venezuela aliyejenga kampuni hiyo New York mwaka 1981, na kusema kwamba hana uhusiano wowote na utamaduni wa Amerika ya Kilatini ni kumwonea. Mbunifu mpya, aliyeshika nafasi yake mwaka 2018, alikuwa akitafuta namna ya kuunganisha asili ya mwanzilishi na nguo za leo. Na ipo hoja nzito zaidi ya hizo mbili: maua ya Tehuantepec yenyewe hayakuota Tehuantepec.

Wanaochunguza historia ya mavazi haya huyaunganisha na mashali ya hariri yaliyotariziwa China na kufika Meksiko kwa njia ya Manila. Merikebu za Wahispania zilivuka Pasifiki kati ya Ufilipino na bandari ya Acapulko kuanzia mwaka 1565 hadi 1815, zikileta hariri, kaure na viungo, na kurudi na fedha ya migodi ya Amerika. Peoni na krisanthemumu za mashali hayo ndizo ndugu wa maua makubwa tunayoyaona kwenye mahameli ya Juchitán. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama Wazapoteki walichukua kwa Wachina, kwa nini mbunifu wa New York asichukue kwa Wazapoteki?

Swali hili ni zuri na linastahili jibu kamili badala ya kukemewa. Kwanza, shali lilinunuliwa. Kila shali lililovuka bahari lilikuwa bidhaa iliyotoka mikononi mwa mtarizi wa China kwa malipo, na aliyelivaa Meksiko alijua na kusema kwamba ni shali la Manila, ingawa jina hilo lilitaja bandari badala ya karakana. Pili, waliolipokea walilibadilisha hadi mifupani: hariri ikawa mahameli, shali la mabegani likawa blauzi na sketi, nyuzi za kuning'inia pembeni zikaondoka na lesi ya marinda ikaingia, kulabu ikashika nafasi pale sindano ilipokuwa. Tatu, waliliweka ua ndani ya taasisi yao wenyewe, mkesha, ambayo imeendelea kulidai kila mwaka na hivyo kuwalisha wanaolitengeneza. Hiyo ndiyo kazi ya msanii anayepokea cha mwenzake. Nikiviweka vigezo hivyo vitatu mbele ya mavazi ya Resort 2020, naona mkato mpya wa nguo, ambao ni mchango halali wa mbunifu. Lakini ua lenyewe, lile linalomfanya mtazamaji alitambue vazi kwa mbali, lilibaki la Tehuantepec, bila jina la Tehuantepec na bila fungu la Tehuantepec.

Sheria ilikuwa upande gani

Wengi walioandika juu ya kisa hiki walizungumza kana kwamba kampuni ilivunja sheria iliyo wazi. Haikuwa hivyo, na ni muhimu kulisema hili bila kuficha, kwa sababu udhaifu wa sheria ndio ulioifanya barua iwe barua na si hati ya mashtaka.

Hakimiliki ya kawaida huhitaji mtunzi anayejulikana, kazi mpya, na muda wenye mwisho. Nchini Meksiko muda huo ni maisha ya mtunzi na miaka 100 baada ya kifo chake, mrefu kuliko wa nchi nyingi. Ua la Tehuantepec halina mtunzi mmoja. Lina wachoraji na watarizi wa vizazi, kila mmoja akiongeza kidogo na kuacha kidogo, na aina hiyo ya utunzi haina mlango wa kuingilia katika sheria iliyojengwa juu ya mtu mmoja mwenye kalamu. Sheria ya Meksiko ya Hakimiliki ya mwaka 1996 ililiona tatizo hilo na kuweka sura maalumu kwa ajili ya sanaa za jadi, lakini suluhisho lake lilikuwa la ajabu: kifungu cha 159 kilitamka kwamba matumizi ya kazi hizo ni huru, na kifungu cha 160 kikataka tu kwamba jamii au eneo ambako kazi imetoka litajwe. Hilo ndilo lililokuwa limeandikwa siku barua ya waziri ilipotumwa. Kwa maneno mengine, dola iliyokuwa ikiuliza kwa msingi gani kampuni imechukua maua ilikuwa yenyewe, kwa miaka zaidi ya ishirini, imetangaza kuwa maua hayo ni ya kuchukuliwa na yeyote atakayetaja alikoyatoa.

Marekani, ambako kampuni ina makao yake, hali ilikuwa ngumu zaidi kwa mafundi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Star Athletica na Varsity Brands iliyohusu sare za washangiliaji wa michezo, iliamua kwamba mapambo yaliyo juu ya nguo yanaweza kulindwa kwa hakimiliki endapo yanaweza kufikiriwa kama mchoro unaojitegemea na mbali na nguo yenyewe. Uamuzi huo ulikuwa habari njema kwa wabunifu. Kwa mafundi wa jadi haukuleta kitu, kwa kuwa mchoro wa mababu huhesabiwa kuwa mali ya umma, ilhali mbunifu anayeugeuza kidogo anaweza kudai ulinzi kwa kile alichoongeza.

Nalazimika pia kuuliza ni nani aliyekuwa akizungumza. Barua iliandikwa na wizara, si na mkutano wa watu wa Juchitán wala wa Tenango. Serikali ya Meksiko ina historia yake ndefu na sura ya mwanamke wa Tehuantepec: kuanzia miaka ya 1930 picha yake, akiwa na lile vazi la lesi kichwani, ilikaa kwenye noti ya peso 10 ya Benki ya Meksiko, na tangu kipindi hicho imepamba mabango ya utalii na maonyesho ya taifa. Taifa liliifanya sura hiyo kuwa ya kila mtu, na jambo linalofanywa kuwa la kila mtu huwa gumu baadaye kuwarudishia wenyewe. Sisemi hivi ili kuidhoofisha barua. Ilisema jambo la kweli, na ilisemwa na mwenye sauti ya kusikika. Nasema ili ieleweke kwamba madai ya mafundi yana wadaiwa wawili, na mmoja wao ndiye aliyeshika kalamu.

Jambo ambalo barua ingeweza kulipatia nafasi

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2017 tetemeko la ukubwa wa 8.2 liliipiga pwani ya kusini mwa Meksiko. Juchitán iliumia kuliko mji mwingine wowote. Jumba la serikali ya mji lilibomoka sehemu yake, soko likaharibika, na maelfu ya nyumba hayakukalika tena. Utarizi wa Juchitán hufanyika majumbani. Fremu huwekwa barazani au uani, na nyumba ikianguka, karakana imeanguka. Mkusanyo wa Resort 2020 ulitoka chini ya miaka miwili baada ya usiku huo, wakati ambapo watarizi wengi walikuwa bado wanajenga.

Nikiutazama wakati huo, naona jinsi kisa kingeweza kwenda kwa gharama ndogo. Kampuni inayouza gauni kwa maelfu ya dola huwalipa watarizi kwa hali yoyote. Sharti mtu, mahali fulani, ayatengeneze maua yale. Agizo hilo lingeweza kwenda Juchitán. Fundi angeletewa kitambaa kilichokatwa, angekikaza kwenye fremu yake, angelipwa kwa kazi ya miezi badala ya kwa kipande, na jina la karakana lingeandikwa kwenye maelezo ya mkusanyo pale palipoandikwa Tulum. Mbunifu naye angepata kitu ambacho picha haimpi. Angeketi na mchoraji na kumwambia kwamba anataka ua lipande begani na kushuka mgongoni, na mchoraji angemweleza ni wapi mahameli itavutika na ni wapi haitakubali. Mavazi ambayo yangetokea hapo huenda yasingefanana sana na ya mkesha. Ninaamini yangekuwa bora kama ubunifu, kwa sababu yangetokana na mbinu, na mbinu ina uwezo wa kuzaa maumbo ambayo hayajawahi kuonekana, wakati picha huzaa picha nyingine tu.

Tenango inatoa ushahidi wa jambo hili. Utarizi wake wa nguo za kuuza, wenye wanyama na mimea ya rangi kali juu ya kitambaa cheupe, ulianza kukua miaka ya 1960 kama njia ya Waotomi, jamii ya asili ya huko, kupata kipato wakati wa ukame. Ni sanaa changa kwa kulinganisha, iliyozaliwa na shida ya chakula, na wachoraji wake wapo na wanafahamika. Kusingizia kwamba hakukuwa na mtu wa kupiga hodi kwake hakuwezekani.

Yaliyofuata

Barua ya Juni 2019 ilifuatwa na nyingine. Mwezi uliofuata Louis Vuitton, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari, iliulizwa kuhusu kiti kilichokuwa na michoro inayofanana na ya Tenango. Mwaka 2020 mbunifu Isabel Marant wa Ufaransa aliulizwa kuhusu michoro ya Wapurepecha, jamii ya asili ya jimbo la Michoacán, na akaomba radhi hadharani. Mwaka 2021 maswali yalielekezwa kwa kampuni za mavazi za Zara, Anthropologie na Patowl kuhusu mavazi ya jamii za Oaxaca. Wakati huohuo sheria ilianza kurekebishwa: Januari 2020 ile sura ya hakimiliki ilibadilishwa ili matumizi ya kibiashara ya sanaa za jamii za asili yahitaji idhini yao, na tarehe 17 Januari 2022 ilichapishwa sheria ya shirikisho ya kulinda urithi wa kitamaduni wa jamii za asili na za Wameksiko wenye asili ya Afrika, inayozitambua jamii hizo kuwa wamiliki wa pamoja na kuyafanya matumizi bila ridhaa kuwa kosa lenye adhabu. Katikati ya hayo, Novemba 2021, wizara iliandaa Mexico City maonyesho yaliyopewa jina Original, ambako mafundi na wabunifu walikutana uso kwa uso na kuzungumza biashara. Kwangu mkutano huo ni hatua yenye maana kuliko barua zote, kwa kuwa fundi alikuwepo mezani mwenyewe.

Mei 2023 kampuni ya mitindo ya Dior ya Ufaransa, chini ya mkurugenzi wake wa ubunifu wa wakati huo, Maria Grazia Chiuri, ilionyesha mkusanyo wake mjini Mexico City katika jengo la San Ildefonso, shule aliyosoma Frida Kahlo. Chanzo kilikuwa kilekile, Frida na mavazi yake ya Tehuantepec, lakini kampuni iliagiza kazi kwa mafundi wa Meksiko, wakiwemo wa Oaxaca na Chiapas, na kuwatangaza. Tofauti na kisa cha mwaka 2019 inaonekana kwa macho. Hata hivyo njia ya Dior inajibu swali moja na kuliacha la pili. Mkataba na karakana hulipa mikono ya karakana hiyo. Haulipi ua, ambalo karakana ililirithi pamoja na mamia ya nyingine. Na ridhaa inayotakiwa na sheria ya mwaka 2022 itolewe na nani, wakati ua hilohilo huvaliwa Juchitán, Tehuantepec, Ixtepec na San Blas Atempa, miji inayoshindana kwa ufahari katika mikesha yake na ambayo haina baraza moja la kuitisha?

Nje ya mipaka ya Meksiko mambo ni magumu zaidi. Mkataba uliopitishwa Geneva Mei 2024 chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Haki Miliki unahusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo. Sanaa za jadi, yaani michoro, nyimbo na utarizi, hazimo, na mazungumzo kuzihusu yaliyoanza tangu miaka ya 2000 hayajazaa mkataba. Mbunifu wa New York au Paris anayefungua kitabu cha picha za Juchitán leo analindwa na kubanwa na sheria zilezile za nchi yake zilizokuwepo mwaka 2019. Kilichobadilika ni kwamba anajua jina la mji, anajua kwamba kuna fremu na mtu aliyeketi mbele yake, na akitaka ua, anajua safari ya kwenda kuliagiza inaishia wapi.